Moto Gani Itafaa Jamaa Yako?



Kama unaishi Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Lubumbashi, unajua swali moja ambalo vijana wetu wanauliza kila siku: "Moto gani iko muzuri?" Wanauliza hivyo kwenye kariere, pahali manseba wanangojea wateja, na hata mbele ya kanisa kisha ibada. Mmoja anasifu TVS, mwingine anasifu Boxer, wa tatu anacheka wote wawili na kuonyesha picha ya moto kubwa ya Ulaya. Kisha swali linaletwa kwa Pasta, sababu Pasta naye anatembea na moto kutoka parokia hadi parokia.

Jibu letu huwa ni swali lingine: "Muzuri kwa kazi gani?" Vijana wengine hawapendi jibu hilo. Lakini bila kujibu swali hilo, hakuna mtu anayeweza kuchagua moto vema.

Feza ya kununua moto si feza ya mchezo. Katika jamaa nyingi za kwetu ni feza ya miezi mingi ya kuchimba malakiti. Ni likelemba ya mama. Pengine ni parsele ya baba ambayo imeuzishwa. Moto ikichaguliwa vema, watoto wanasoma, mgonjwa anafika hospitali usiku, na mahindi yanatoka shamba. Ikichaguliwa vibaya, baada ya mwaka mmoja imelala nyuma ya nyumba bila mipira, na parsele haitarudi. Tena, wandugu, kuna nyumba ambamo moto ilibaki nzima na mwenyewe akazikwa. Kwa hiyo mambo haya yanafaa kuzungumzwa katika gazeti la jamaa za kanisa.

Kaa chini, hesabu

Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anaongea juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anakaa chini na kuhesabu kama mali yake itatosha kumaliza kazi, ili watu wasimcheke. Angalia: anahesabu kabla ya kuweka msingi. Vijana wengi wa kwetu wananunua kwanza, halafu wanahesabu wakati rulaje imekwisha kuwasimamisha.

Wazee wetu wa Gécamines wanaweza kutusaidia hapa. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, nao wakapewa feza kwa mara moja. Kaa karibu na mzee mmoja wao umwulize. Atakuambia namna feza nyingi inayofika siku moja inavyoweza kuondoka upesi. Kijana aliyepata loti nzuri ya malakiti leo yuko katika hali ileile: mfuko umejaa, macho yanaona moto nyekundu inayong'aa dukani, na rafiki zake wanasema, "Lipa tu!"

Basi tukae chini pamoja. Tutauliza maswali matano.

Swali la kwanza: Utapita njia gani?

Njia za kwetu si za namna moja. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120, na kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu 180 tena. Njia hiyo ni lami. Lakini ukiacha lami kuelekea shambani, kariere ao parokia za ndani, unakuta udongo mwekundu. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 ni vumbi. Mvua ikianza ni matope na mashimo yaliyojaa maji, hata huoni mwisho wake.

Moto zimefanywa kwa njia mbalimbali. Tuzitazame kwa jamaa zake.

Jamaa ya kwanza ni moto za mji, za 100, 125 na 150. Hapa ndipo ziko TVS na Boxer kutoka India, na Haojue pamoja na ndugu zake wengi kutoka Uchina. Ziko nyepesi, uzito wake ni karibu kilo 110 hadi 130. Kiti ni kirefu, mtu anaweza kubeba mwenzake. Hazinywi esansi nyingi. Hata fundi kijana anaweza kufungua moteri yake. Kwa kazi ya manseba, kwa kwenda sokoni, na kwa safari ya lami isiyo ya kukimbia, zinafaa. Kwenye matope mengi zinateseka, sababu mipira yake ni ya lami na tumbo lake si juu sana.

Jamaa ya pili ni moto za mashamba. Mkubwa wao ni Yamaha AG100, ile ambayo wachungaji, wauguzi na wafanyakazi wa kilimo walitumia miaka mingi sana. Haina uzuri wa kuonyesha watu. Lakini tazama ilivyotengenezwa: cheni yake imefungwa ndani ya sanduku ili vumbi na matope visiingie. Ina chuma cha kubebea mizigo mbele na nyuma. Ina mguu wa kuisimamisha upande wa kuume na upande wa kushoto, ili uweze kuiacha hata pahali palipoinama. Mtu aliyeifanya alifikiri juu ya mkulima, si juu ya kijana anayepita mbele ya wasichana.

Jamaa ya tatu ni moto za kupanda, kama Yamaha DT125 na Honda XL125. Ziko juu, zinaruka mashimo bila kuvunja mgongo, na mipira yake inashika udongo. Kwa mtu mmoja anayetembelea vijiji vya mbali, ni nzuri sana. Lakini kiti ni cha juu: mama ao mtu mfupi hafikishi miguu vizuri chini, na mzigo mzito nyuma unaifanya iyumbe.

Jamaa ya nne ni zile za picha. Tuongee juu yake kidogo, sababu vijana wanazipenda.

Moto kubwa za safari za Ulaya

Huko Ulaya, Japani na Marekani kuna moto zilizofanywa kwa safari ndefu na mbio pamoja. Honda ilitoa ST1100 mwaka 1990. Yamaha ilitoa FJR1300 mwaka 2001. Ni moto za nguvu, moteri yake ni mara nane ao kumi ya ile ya manseba. Mbele ziko na kioo cha kukinga upepo, pembeni ziko na masanduku ya kubebea nguo. ST1100 inabeba lita 28 za esansi, na uzito wake ni karibu kilo 300. Badala ya cheni, zote mbili zina mti wa chuma unaozunguka ndani ya bomba lililofungwa mpaka gurudumu la nyuma. Hauchafuki, na haukazwi kila mara kama cheni.

Watu wa huko nao wanabishana kama sisi: hii ao ile? Mwenye kupenda mbio anachagua nyepesi. Mwenye kwenda na bibi yake kilometa 600 kwa siku anachagua ile yenye kiti kizuri na tangi kubwa. Ona basi: hata wao, wenye feza nyingi kutupita, wanaanza na swali la njia na la mtu atakayepanda nyuma.

Lakini ilete moto hiyo kwetu. Itaenda vema kwenye lami ya Likasi. Siku ya kwanza utakayoacha lami, tumbo lake litagonga mawe. Ikianguka katika matope, kilo 300 utaziinua na nani? Mipira yake hutaipata kwa wauzaji wa vipande vya kila siku. Tena kwa kila kilometa 100 inakunywa karibu lita 6. Kwenda Kolwezi kutoka Lubumbashi ni karibu lita 18, na moto ya 125 inafika kwa lita 7 ao 8. Moto hiyo haina ubaya, ila ilifanywa kwa njia ya watu wengine. Tunaweza kuifurahia kwenye picha bila dhambi.

Swali la pili: Moteri ya namna gani?

Kuna moteri zinazokunywa mafuta ya moteri pamoja na esansi. DT125 na AG100 ziko hivyo. Ziko na sauti kali na moshi, nazo ni rahisi kwa fundi, sababu ndani hazina vitu vingi. AG100 ina tangi ndogo ya mafuta pembeni, inachanganya yenyewe. Lakini tangi hiyo ikikauka, moteri inakamata na safari imeisha. Tena mafuta hayo ni lazima uyanunue siku zote, na esansi inakwenda zaidi.

Moteri nyingine zinaweka mafuta yake chini, nazo hazichomi mafuta hayo kama ziko nzima. Boxer, TVS, Haojue na XL ni za namna hii. Hapa kuna historia inayofaa kujulikana. Katika miaka ya 1970 Honda iliona kwamba katika nchi nyingi za njia mbaya watu wanapakia moto kupita kiasi na hawabadilishi mafuta kwa wakati. Wakafanya CG125, moto yenye moteri ngumu na rahisi, ambayo vali zake zinasukumwa na vyuma virefu, hakuna cheni ndefu ya ndani ya kukaza. Baadaye viwanda vya Uchina vilifuata mfano huo, na moto nyingi tunazoziona barabarani ziko na moteri ya ukoo huo. Kwa hiyo usidharau moto sababu tu inatoka Uchina. Uliza moteri yake ni ya ukoo gani, na imekusanywa vema ao vibaya.

Kwa mtu anayefanya kazi ya kila siku, tunashauri moteri ya namna hii ya pili. Hesabu ya esansi peke yake inatosha kuonyesha sababu. Moto ya 125 inayokunywa lita 2 na nusu kwa kilometa 100, ikitembea kilometa 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, itakunywa lita 62 hivi. Nyingine inayokunywa lita 4 itamaliza lita 100. Lita 38 zinazobaki kila mwezi, wewe mama unajua zinaweza kulipa nini shuleni.

Na esansi ya kwa kadhafi, katika chupa kando ya njia? Wote tunainunua siku nyingine. Lakini itazame kwenye mwanga kabla ya kuimwaga. Maji yanakaa chini ya chupa, na uchafu vilevile. Usichukue ile ya chini.

Swali la tatu: Vipande na fundi wako wapi?

Kabla ya kulipa, fanya kazi hii: nenda kwa wauza-vipande watatu wa mji wako. Uliza bei ya vitu sita: cheni pamoja na meno yake, viatu vya freni, kamba ya ambrayaje, buji, filtre ya hewa, na segma za pistoni. Kama vitu hivyo sita vinapatikana kwa wote watatu, moto hiyo inaweza kuishi kwenu. Kama muuzaji anakwambia, "Tutaagiza Lubumbashi, ngojea wiki mbili," basi hesabu wiki mbili bila kazi kila mara kitu kikivunjika.

Kisha uliza fundi wawili, wasiokuwa ndugu za muuzaji wa moto: "Moto gani mnatengeneza mara nyingi, na inakufa wapi?" Fundi hajui kusifu duka. Anajua kile kilichoharibika juma hili.

Katika vumbi la kwetu, kitu cha kwanza kinachoua moteri ni filtre chafu ao filtre iliyotolewa. Vijana wengine wanaitoa ili moto ilie kwa nguvu. Vumbi linaingia, linakula segma na silinda kama karatasi ya msasa, na baada ya miezi michache moshi wa bluu unatoka nyuma. Safisha filtre kila juma wakati wa vumbi. Badilisha mafuta ya moteri kila kilometa 2,000 hivi, na kwenye vumbi jingi mapema zaidi. Ni karibu lita moja tu. Anayekataa kununua lita moja ya mafuta atanunua pistoni.

Swali la nne: Mpya ao ya zamani?

Moto ya zamani inaweza kuwa baraka, kama macho yako yamefunguka. Njoo asubuhi, moteri ikiwa baridi, na mwombe muuzaji asiiwashe mbele yako kufika. Iwashe wewe kwa mguu. Kama haiwaki baridi, kuna ugonjwa. Tazama moshi: kwa moto isiyochanganya mafuta, moshi wa bluu ni alama ya segma zilizochoka. Shika gurudumu la mbele na kulitikisa kuume na kushoto. Inama chini, utafute pahali pa kadre palipochomelewa ao palipopakwa rangi mpya. Sukuma moto mbele na mtu mwingine atazame kutoka nyuma kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja.

Kisha makaratasi. Nambari iliyopigwa kwenye kadre ifanane na ile ya karte roze. Kama namba imekwaruzwa, ama muuzaji anasema, "Karte itafuata," toka hapo. Moto ya bei ndogo sana ina mwenyewe anayelia pahali fulani. Mkristo hawezi kuomba Mungu abariki mali ya mtu mwingine iliyoibiwa, akisema hakujua, wakati alikataa kuuliza.

Swali la tano: Feza itagawanywa namna gani?

Kosa la kawaida ni kumaliza feza yote kwa moto yenyewe. Tufanye mfano. Tuseme jamaa imeweka dola 1,000. Tunashauri watafute moto ya dola 750, si ya 1,000. Hizo 250 zinazobaki ni za kaske mbili nzuri, makaratasi na asiransi, na akiba ya kwanza ya matengenezo. Kijana atalia kwamba ile ya 1,000 inapendeza zaidi. Ndiyo, inapendeza. Lakini mtu anayetoka dukani bila feza hata ya kaske atapanda siku hiyohiyo bila kaske.

Kama moto itatumika na mtu mwingine kwa kuleta versema kila siku, andikeni patano. Versema ni ngapi, siku za mapumziko ni zipi, nani analipa mpira, nani analipa faini. Shahidi wawili watie mkono. Mwenye moto asipandishe versema mpaka kijana analazimika kukimbia usiku na mchana kuitafuta. Yakobo 5:4 inaongea kwa nguvu juu ya mshahara wa watenda kazi uliozuiwa. Mwenye moto ambaye anakaa kiti cha mbele kanisani, na kijana wake anasinzia barabarani kwa ajili ya versema, asome mstari huo polepole.

Ukuta juu ya dari

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna sheria ambayo watu wengi wanairuka. Israeli walikuwa na nyumba za dari la kukanyaga, watu walipanda juu kupumzika. Mungu aliagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu yake, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Mungu anahesabu usalama wa mgeni kuwa kazi ya mwenye nyumba.

Wewe mwenye moto, yule anayepanda nyuma ni mgeni wa dari lako. Ukuta wako ni freni, kaske, taa, na mkono wako juu ya gazi.

Juu ya freni: nguvu nyingi ya kusimamisha moto iko mbele, sababu uzito mwingi unaenda mbele wakati wa kusimama. Moto yenye freni ya diski mbele, iliyo nzima, inasimama vizuri zaidi. Lakini kwenye mchanga ao matope usiikamate kwa ghafula, gurudumu litateleza. Tumia zote mbili, polepole.

Juu ya mbio: ukiongeza mbio mara mbili, nafasi ya kusimama haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Kwenye lami kavu, moto inayotembea 40 kwa saa inasimama katika meta 10 hivi toka freni inaposhika. Kwa 80 ni karibu meta 40. Tena kabla mkono haujakamata freni, sekunde moja imepita, na kwa 80 sekunde moja ni meta 22. Mtoto aliye meta 50 mbele yako huwezi kumkosa. Biblia inasema mlinzi alimtambua Yehu kutoka mbali kwa namna alivyoendesha gari lake kama mwenye wazimu (2 Wafalme 9:20). Isiwe hivyo kwa kijana wa kwaya.

Juu ya kamio: kwenye njia zetu kuna kamio nyingi kutoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, zinazobeba shaba na kobalti kwenda mpakani Kasumbalesa. Volani yake iko upande wa kuume, na sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Fikiri maana yake. Dereva anakaa kando ya majani, mbali na katikati ya njia. Akitaka kupita gari jingine, lazima atoe kichwa chote cha kamio upande wa kushoto kabla hajaona kinachokuja. Na wewe ukimpita kwa kushoto, uko upande ambao haoni vizuri. Piga honi, washa taa, ngojea mpaka una nafasi kubwa. Kama huioni nafasi hiyo, kaa nyuma. Utafika dakika tano baadaye.

Juu ya kaske: utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba kaske inapunguza vifo vya wapanda moto kwa karibu asilimia 40, na majeraha ya kichwa zaidi ya hapo. Lakini ni ile iliyofungwa kwa kamba chini ya kidevu. Iliyowekwa juu ya tangi ni kwa ajili ya rulaje tu. Mnunulie vilevile yule wa nyuma.

Na mama zetu: kikwembe kirefu kinaingia katika gurudumu na cheni. Kikusanye na kukikalia kabla moto haijaondoka. Mtoto apandishwe upande wa kushoto, sababu kwa moto nyingi bomba ya moshi iko kuume, nayo inachoma mguu. Watatu, wanne juu ya moto moja, hapana. Hata kama ni kwenda kwenye maombi.

Neno la mwisho kwa wazazi na vijana

Wazazi, msimkatalie kijana moto kwa sababu ya woga tu, na msimpe kwa sababu ya kelele tu. Kaeni naye na maswali haya matano. Kijana anayekubali kwenda kwa wauza-vipande watatu, kuuliza fundi wawili, na kuandika bei kwenye karatasi, ameanza kuonyesha kwamba anaweza kutunza moto. Anayekataa kungojea hata juma moja, atawezaje kungojea nyuma ya kamio?

Kijana, wenzako watakucheka kwa ajili ya moto ndogo yenye cheni safi, kaske mbili na makaratasi kamili. Waache wacheke. Kisha miaka mitatu, tazama ni nani bado anatembea, na mama yake analala vizuri usiku.

Bwana awalinde katika kutoka na katika kuingia kwenu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani ao katika kikundi cha vijana

1. Soma Luka 14:28-30. Katika jamaa yetu, ni kitu gani tulinunua bila kuhesabu? Tulijifunza nini?

2. Moto ya jamaa yetu, ao ile tunayotaka, itapita njia gani mara nyingi? Itabeba nani?

3. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. "Ukuta" gani unakosekana kwenye moto zinazosimama mbele ya kanisa letu Siku ya Bwana? Tunaweza kufanya nini mwezi huu?

4. Mwenye moto na mwenye kuiendesha: patano la haki la versema ni la namna gani katika mji wetu?